Gemu ya matofali, mashine ya kaseti, PlayStation ya kwanza au ya pili: ipi iingie nyumbani kwako?

Ndugu yangu wa Wete, Pemba, alinipigia simu wiki mbili kabla ya Ramadhani. Ana watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na moja, na anataka Idi iwakute na mashine ya gemu ya zamani, kama zile tulizochezea mimi na yeye tulipokuwa wadogo. Alivuka hadi Unguja, akazunguka Darajani na Mlandege, akakuta kila aina, na kila muuzaji anasifia yake. "Kaka, wewe ulikuwa nazo zote. Niambie nichukue ipi."

Tulizungumza mpaka salio likatuishia, hatukukubaliana. Yeye anapenda kaseti. Mimi moyo wangu uko kwenye PlayStation ya kwanza. Mapenzi ya utotoni si mshauri mzuri wa manunuzi, basi nimekaa nikayapanga yote, na naamini wako wengi wa rika letu wenye swali hili hili.

Zilizopita nyumbani kwetu Michenzani, Unguja, ni nne. Ya kwanza ni gemu ya matofali, kile kidude cha plastiki cha mkononi chenye kioo cha kijivu, kilichojinadi kuwa na gemu 9999 ndani yake. Asili ya mchezo wake ni Tetris, gemu ya kupanga matofali yanayoanguka, aliyoibuni Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Ya pili ni mashine ya kaseti, ile unayoiunganisha na TV na kila gemu iko kwenye kaseti ya kuchomeka. Yetu ilikuwa ya kuigiza, imetengenezwa kwa mfano wa Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na watoto wengi niliowajua hawakuwahi kuiona Famicom yenyewe. Ya tatu ni PlayStation ya kwanza ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani Disemba 1994. Kwetu iliingia 1999, kaja nayo ami yangu aliyekuwa baharia. Ya nne ni PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000. Yetu ilikuwa ile nyembamba, ikafika 2006 katikati ya mzigo wa nguo za Idi ambao mama mdogo alikwenda kuununua Dubai.

Kabla ya kuzilinganisha, nieleze napimia nini. La kwanza ni umeme: mashine inafanya nini ukikatika, na inataka umeme wa aina gani. La pili ni TV uliyonayo. La tatu ni watu wangapi watakaa mbele yake kwa wakati mmoja. La nne ni gemu zenyewe. La tano ni kuharibika, maana sisi tunaishi visiwani na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Bei sikuiweka kwa tarakimu, kwa sababu mtumba hauna bei moja. Ila kwa kawaida zinapangika hivi: matofali ni rahisi kuliko zote, kaseti inafuata, na hizo PlayStation mbili hutegemea hali yake na vitu vinavyoambatana nayo.

Umeme

Hapa ndipo kila mtu aliyekulia Unguja au Pemba ana kisa chake. Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, tangu mwaka 1980. Mei 2008 uliharibika tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukaharibika tena, na safari hiyo giza lilikwenda hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Wakati huo mimi nilikuwa mtu mzima, lakini wadogo zangu walikuwa bado wanasoma, na PlayStation 2 yetu ilikaa chini ya kitambaa mezani kama mgonjwa. Kilichofanya kazi nyumba nzima ni gemu ya matofali ya miaka kumi na tano iliyopita, niliyoichimbua kwenye sanduku la mama. Betri ndogo mbili, basi. Wadogo zangu walikuwa wakiishindania kwa mwanga wa kandili, na mama aliwapangia zamu, mpaka usiku mmoja tukagundua kwamba tukilala yeye ndiye anayebaki nayo. Alikuwa anapanga matofali peke yake barazani, na alama zake hakuna aliyezifikia.

Kwa hiyo kwenye umeme matofali halina mshindani. Betri zikiisha linasahau alama za juu, lakini hilo ni dogo.

Kaseti ndiyo inayoumiza zaidi umeme ukizimika. Gemu nyingi za kaseti hazihifadhi kitu. Umefika hatua ya mwisho ya Super Mario Bros., mtaa unazimika, unaanza upya tangu mwanzo. Likizo zetu za Wete zilikuwa hivyo. Pemba wakati ule ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na haikuunganishwa na waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mpaka 2010. Tulijifunza kucheza kwa haraka, na nadhani hilo ndilo lililomfanya ndugu yangu awe hodari kuliko mimi, kwa sababu yeye alikuwa anacheza kila siku kama mtu anayekimbizwa. Faida ya kaseti ni kwamba haili umeme mwingi, adapta yake kwa kawaida ni ya volti 9, na umeme ukirudi ghafla kinachokuwa hatarini zaidi ni hiyo adapta, ambayo kuibadilisha ni rahisi.

PlayStation ya kwanza ilileta memori kadi. Kilobaiti 128, zimegawanywa vyumba 15, na kila gemu inachukua chumba kimoja au zaidi. Kwetu ilikuwa kama kupewa hati ya nyumba. Umeme ukikatika unapoteza ulichokicheza tangu mara ya mwisho kuhifadhi, si zaidi. PlayStation 2 ina kadi ya megabaiti 8, ukarimu wa kutosha nyumba nzima.

Lakini zote mbili zina mtego ambao lazima uujue kabla hujatoa pesa. Mitumba mingi ya kwetu hutoka Japani, na umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. PlayStation ya ami ilikuwa ya Kijapani, na alituletea na transfoma yake, zito kama jiwe la mafiga. Siku moja mgeni wa nyumba akaichomeka moja kwa moja ukutani. Harufu ile bado naikumbuka. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma au cha chini: kikisema 100V, usiichomeke bila transfoma. PlayStation 2 nyembamba za awali zina adapta ya nje inayotoa volti 8.5. Isiibiwe nafasi yake na adapta ya laptopu kwa sababu tu kichwa chake kimeingia. Zile za mwisho, za namba 90000, zimeingiziwa adapta ndani, na kwa nyumba yenye watoto wa kupoteza vitu hilo ni jambo kubwa.

TV

Matofali hayana haja ya TV. Tumelimaliza.

Kaseti ilizaliwa na TV ya chogo na inapendeza ikiwa nayo. Nyingine zinaunganishwa kwa waya wa antena, unazungusha kutafuta stesheni mpaka picha itokee katikati ya mchele. Nyingine zina waya wa njano na mweupe. Kuna jambo moja ambalo halina ujanja: bastola ya plastiki ya kupigia shabaha kwenye TV. Kama unataka watoto wako wapige bata kama tulivyopiga sisi, lazima uwe na TV ya chogo, kwa sababu bastola ile inategemea jinsi TV hizo zinavyochora picha mstari kwa mstari. Kwenye TV bapa haioni kitu. Usimnunulie mtoto bastola kisha ukamvunja moyo.

PlayStation zote mbili hutumia waya wa njano, mwekundu na mweupe. TV bapa nyingi za sasa hazina tena matundu hayo, na utahitaji kisanduku kidogo cha kugeuza mawimbi kwenda HDMI. Vinapatikana madukani, na picha itakuwa laini kidogo kuliko unavyoikumbuka. Jambo jingine la Kijapani: mashine ya Japani hutoa rangi kwa mfumo wa NTSC, na TV yetu ya zamani ilikuwa inajua PAL tu. Miezi miwili ya mwanzo tulicheza PlayStation ya ami kwa rangi nyeusi na nyeupe, tukiamini ndivyo ilivyo, mpaka jirani akaleta TV ya mifumo mingi. Siku tulipoona kwamba Crash Bandicoot, mnyama wa gemu yetu, ni wa rangi ya machungwa tulipiga kelele hadi ghorofa ya juu wakateremka kuuliza kuna nini.

Wangapi wacheze pamoja

Hili mimi nalipa uzito kuliko mengine yote, na nakiri ni upendeleo wangu. Nilichokibeba kutoka utotoni ni watu waliokaa kwenye mkeka. Gemu nyingi nimezisahau.

Matofali ni ya mtu mmoja. Wawili wanaweza kupokezana, lakini anayesubiri anatazama kisogo cha mwenzake.

Kaseti ina pedi mbili, na gemu zake bora za wawili ni zile za kusaidiana. Kuna moja sote tulikuwa tunaiita Vifaru, jina lake Battle City, ya Namco, 1985. Wawili mnalinda tai mmoja asipigwe. Ukikosea unampiga mwenzako, naye anaganda kidogo, na ugomvi unaanza. Contra nayo ni ya kusaidiana, na hapo kulikuwa na elimu iliyopita mdomo kwa mdomo kama hirizi: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, halafu anza. Roho 30. Sijui nani aliyeileta Michenzani, lakini kila mtoto aliijua kabla hajajua jedwali la saba. Dada zangu walicheza kaseti sana kuliko walivyocheza mashine yoyote iliyokuja baadaye. Vidole viwili vinatosha, na hakuna kaka aliyeweza kusema kwamba ni ngumu kwao.

PlayStation ya kwanza ilileta ushindani. Tekken 3, ya kupigana, na Winning Eleven, ya mpira, zilibadilisha kanuni ya mkeka: anayefungwa anampisha mwenzake. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, kulikuwa na foleni kutoka sebuleni hadi ngazini, na tulikuwa tukicheza mpaka mpiga daku anapita. Winning Eleven yetu ilikuwa ya Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma herufi moja, lakini tulihifadhi kila ukurasa kwa mahali pake: chini mara mbili, bonyeza duara, chagua timu. Mdogo wangu alikuwa akimuigiza mtangazaji wa Kijapani akitaja bao mpaka bibi akacheka hadi machozi.

PlayStation 2 ina nguvu zaidi kwa mpira, na kwa kifaa cha kuongezea matundu ya pedi watu wanne wanaweza kucheza pamoja. Lakini ndiyo mashine iliyoanza pia kumtenga mtu. Gemu kama Grand Theft Auto: San Andreas, ya 2004, ni safari ya mtu mmoja ya masaa mengi, na wengine wanabaki watazamaji. Gemu hiyo imetengenezwa kwa watu wazima. Ukinunua mashine ya mtumba na kifurushi cha CD, zitazame moja moja kabla hazijaingia nyumbani.

Gemu zenyewe

Matofali hayo 9999 ni michezo michache tu iliyorudiwa kwa kasi tofauti. Lakini ule wa matofali wenyewe hauchoshi, na mama yangu ni shahidi.

Kaseti zina udanganyifu huo huo: kaseti inasema ina mamia, unakuta ishirini zimezunguka na majina tofauti. Uliza Mario, Vifaru, Contra na Adventure Island. Ukipata nne hizo umepata karibu yote. Ni gemu fupi, ngumu, za haki. Mtoto akifa anajua kosa ni lake.

Kwetu PlayStation ya kwanza ndiyo mwanzo wa kila kitu cha pande tatu, na picha zake leo zinaonekana za meno meno. Mtoto aliyezoea simu atacheka dakika tano za kwanza. Mpe Crash, au Gran Turismo ya mbio za magari, na umwache. PlayStation 2 ndiyo yenye maktaba pana kuliko zote, na ziada yake ni kwamba inacheza pia gemu nyingi za PlayStation ya kwanza, ingawa kuzihifadhi kunataka kadi ya zamani. Vilevile inacheza DVD. Kwetu hilo ndilo lililompa mama mdogo haki juu yake: Ijumaa jioni pedi zinawekwa chini, filamu ya Kihindi inaingia, na hakuna mjadala.

Chumvi, vumbi na fundi

Mashine ya kaseti haina kitu kinachozunguka ndani yake, na hiyo ndiyo siri ya maisha yake marefu. Ugonjwa wake ni meno ya kaseti kushika kutu. Sisi tulikuwa tunapuliza. Sote tulipuliza, na sote tulikosea, kwa sababu pumzi ina unyevu na unyevu unaongeza kutu. Kinachofanya kazi ni pamba na spiriti kidogo, uache ikauke. Habari njema ni kwamba mashine za namna hii bado zinatengenezwa mpya, kwa hiyo si lazima utafute ya mtumba.

PlayStation ya kwanza iliacha kutengenezwa 2006, na ya pili 2013. Kila utakayoikuta ina umri, na cha kwanza kuchoka ni lenzi ya kusomea CD. Ile ya kwanza, reli inayobeba lenzi ni ya plastiki katika matoleo ya mwanzo, na ikilika kwa joto lenzi inakaa upande. Ndiyo maana mtaani kwetu PlayStation nyingi zilichezwa zikiwa zimepinduliwa miguu juu. Yetu ilikaa hivyo miaka miwili. PlayStation 2 nyembamba ni rahisi kupata joto na kuingiza vumbi, na mende wanaipenda kwa uvuguvugu wake. Ifunike isipotumika, lakini kamwe usiifunike ikiwa inawaka. Mafundi wengi wanaijua kwa sababu vibanda vya gemu vilitumia hiyo kwa miaka, na mashine mbovu za kukatia vipuri zipo. Kwa ile ya kwanza, vipuri vinazidi kuadimika, nasema hivi kwa uchungu.

Matofali yakizima, safisha sehemu ya betri. Yasipowaka baada ya hapo, hakuna cha kufanya.

Kwa hali yako

Kama mnaishi mahali umeme unakatika mara kwa mara, au mtoto ni mmoja na anasafiri sana na boti kati ya Unguja na Pemba, matofali yatakufaa, na mtu mzima wa nyumba atafaidi pia. Halitakufaa kama unataka watoto wacheze pamoja.

Kama watoto wako wako chini ya miaka kumi, wavulana kwa wasichana, na unataka gemu ya nusu saa kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, angalia kaseti. Haihitaji kusubiri CD isome, na mtoto wa miaka mitano anaielewa. Iwe mpya ikiwezekana, na iwe na pedi mbili zinazoweza kuchomolewa na kubadilishwa.

PlayStation ya kwanza mnunulie mtu anayeikumbuka. Wewe mwenyewe, mumeo, kaka yako aliyeko ughaibuni anayerudi kila mwaka. Mtu atakayevumilia kuipindua na kuisafisha lenzi. Kwa mtoto asiye na historia nayo, ni mashine ya kubembelezwa mno, ila kama kwenu kuna mkubwa atakayekaa naye mkekani.

Nyumba yenye vijana wa miaka kumi na mitatu kwenda juu, wapenda mpira, na TV moja ya familia, itapata thamani kubwa kwenye PlayStation 2. Chukua iliyosomwa volti zake, ijaribu mbele ya muuzaji kwa dakika kumi na tano bila kuizima, ingiza CD mbili tofauti, jaribu pedi zote, hifadhi gemu kwenye kadi kisha uzime uone kama imebaki. Muuzaji asiyetaka kukuwashia, ondoka.

Ndugu yangu nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwanzo: ile TV ya chogo ya bibi iko wapi? Akasema ipo chumba cha nyuma, inawaka, wanatazamia habari. Wanawe wana miaka kumi na moja, minane na mitano. Fundi wa karibu yuko Chake. Basi achukue kaseti, pedi mbili, na bastola. Mimi nitapanda boti siku ya pili ya Idi, nimletee Vifaru.